Kiti cha Mama Kilipohamia Uani

Mama yangu hajui kumpita mtu bila kumsalimia, na akiwa amekaa, hajui kumwacha mtu ampite. Nimekua na tabia hiyo mbele ya macho yangu na nimeichukia tangu utotoni. Tulikuwa tukitoka kisimani, mimi ndoo ya maji kichwani, maji yananitiririkia mgongoni, na Mama kasimama katikati ya njia ameshikana mkono na mwanamke mwenzake. Wanaulizana habari za nyumbani, za mifugo, za mgonjwa wa bondeni, za kijana fulani aliyekwenda Makongolosi kutafuta dhahabu na hajapiga simu. Mkono hauachiwi mpaka habari ziishe, na habari za Mama haziishi. Shingo inaniuma, ninaguna, na yeye ananiambia nisalimie.

Huko kwetu, nje kidogo ya Iringa mjini, salamu ina namna yake. Unatoa mkono wa kulia, na wa kushoto unaushika huo wa kulia chini ya kiwiko, kama unaubeba. Magoti yanakunjwa kidogo. Unasema "kamwene", unajibiwa "kamwene", kisha ndiyo mnaanza. Mkono ukitolewa peke yake bila mwenzake kuushika, watu wanaona umewatupia. Wa kushoto peke yake, afadhali usingetoka nyumbani.

Mimi niliolewa Mbeya, nikabaki Mbeya hata baada ya mume wangu kufariki na watoto kuondoka mmoja mmoja. Nina kibanda cha kushonea sare za shule, mimi na mwenzangu mmoja. Kwenye kibanda mteja anasema shida yake, napima, anaondoka. Nilikuwa nimeridhika sana na mpango huo.

Kisha Mama akaanguka. Alikuwa anapukuchua mahindi, presha ikapanda, akapata kiharusi. Mungu alisaidia, mdomo ulirudi mahali pake baada ya siku chache na mguu ukamfikisha chooni kwa kushikilia ukuta. Mkono wa kulia ndio uligoma. Ulining'inia tu.

Kaka yangu mkubwa anaishi Dar es Salaam, na kwa kuwa yuko mbali ndiye mwenye maamuzi. Alipiga simu, akatamka hukumu. "Mama hawezi kukaa peke yake na mkono mmoja. Nakuja mwezi wa kumi na mbili. Nikifika nikamkuta hawezi kujisongea ugali, anahamia kwako."

Kwako. Hakusema kwangu. Nilipotaka kumjibu, yeye akawa ameshakata.

Nilipokwenda kumwona na kumweleza, Mama aliniangalia kama nimemtukana. "Mimi siendi Mbeya," akasema. Nikamwambia basi, tufanye mazoezi, maana ugali hausongwi kwa mdomo. Na mimi kusema kweli nilitaka abaki kwake kuliko alivyotaka yeye, kwa sababu mwezi wa kwanza shule zinafunguliwa, na fundi wa sare asiyekuwepo kibandani mwezi wa kwanza, mwaka mzima anakula hasara. Nikamwachia mwenzangu kibanda, nikarudi Iringa mwezi wa tisa na nia moja tu, kuuamsha ule mkono.

Hospitalini, dada wa mazoezi ya viungo alitupa mpira mdogo laini. Mama aubinye asubuhi, mchana na jioni, anyooshe vidole, avikunje, avinyooshe tena. Kazi nyepesi. Mama aliupokea mpira kwa heshima zote, akaushukuru, na tulipofika nyumbani akauweka dirishani karibu na sabuni.

"Mama, mpira."

"Nimeuona."

"Si wa kuuona. Ubinye."

"Nitaubinya. Kwanza yule nani anapita pale?"

Kiti chake kilikuwa kibarazani, kinatazama njia inayokwenda kwenye mashine ya kusaga. Hakuna asiyepita njia ile. Na kila aliyepita, Mama alimwita. Mtu akija, Mama anauchukua mkono wake wa kulia kwa ule wa kushoto, anaunyanyua kutoka mapajani, anamkabidhi mgeni. Kwa kuwa namna yetu ya kusalimiana inataka hivyohivyo, kushoto kushike kulia, watu wengi hawakugundua kama mkono ule umekufa. Waliona mama mwenye adabu zake. Wakaubana, wakautikisa, wakaulizana habari mpaka unga wao ukapoa huko mashineni. Mimi nimesimama mlangoni na mpira.

Nikamuuliza siku moja, kwa ukali, kwa nini anapata nguvu za kupiga soga na watu njia nzima na hana nguvu za kubinya mpira. Akasema, "Mpira hauniulizi nimeamkaje."

Wakati huohuo kaka yangu alikuwa ananitumia video kwenye simu. Wasemaji wenye mashati yaliyopigwa pasi, wanaeleza tabia ndogondogo zinazobadilisha maisha. Amka kabla ya jua. Kunywa maji ya uvuguvugu. Andika malengo yako. Kwa nini mtu akiwa Dar anadhani sisi huku hatuamki kabla ya jua? Nani aliwasha moto wa kumchemshia yeye uji akienda shule? Nilikuwa nazifuta bila kuzimaliza, halafu anapiga kuuliza kama nimemwonyesha Mama.

Mwishoni nikachoka. Nikakibeba kiti cha Mama, nikakipeleka uani nyuma ya nyumba, kati ya kihenge cha mahindi na banda la kuku. Huko hapiti mtu. Mama akauliza, "Sasa huku nyuma nakaa kama nani, jogoo wa Krismasi?" Nikasema anakaa kama mgonjwa.

Nikapata utulivu. Asubuhi mpira, mchana mpira, jioni mpira, mimi mwenyewe namkunjia vidole kimoja kimoja. Nilijisifu kwa kaka, nikamwambia sasa kuna ratiba. Sikumwambia kwamba Mama alikuwa anakula vijiko viwili vya uji na kuweka bakuli chini. Maneno yake yalipungua. Mkono ulikaa mapajani pale nilipouweka, na nikirudi naukuta palepale. Nilijua kuna kitu hakiendi sawa, lakini mtu akishapanga ratiba yake anaipenda.

Asubuhi moja niko jikoni napuliza moto, macho yamejaa moshi, nikasikia watu wanaingia mbele ya nyumba. Si mtu, watu. Nikatoka. Wanawake wamefunga khanga viunoni, wengine na mizigo ya kuni kichwani, mmoja amebeba ndoo ya unga. Nyuma yao wanaume, na wanaume wale wameshika majembe. Walikuwa wananitazama kwa huruma kubwa.

Jirani yetu wa chini, mama mmoja wa makamo ambaye shamba lake linapakana na letu, akanisogelea akanikumbatia. "Pole, mwanangu. Pole sana. Ametutoka lini?"

"Nani?"

"Jikaze, mwanangu."

"Nani ametutoka?"

Wakaangaliana. Mzee mmoja mwenye jembe akasafisha koo. "Kiti chake hatujakiona kibarazani wiki nzima. Na wewe uliulizwa juzi pale mashineni, ukasema yupo tu, ukapita."

"Si yupo kweli!"

"Mtu mwenye mama mzima anajibu hivyo?" jirani wa chini akasema, na sasa huruma ilikuwa imepungua. "Hata mkono hukutoa. Tukasema huyu ana jambo zito, anasubiri kaka yake afike ndio atangaze. Tukasema tusimwache na mzigo peke yake."

Nilitaka ardhi ipasuke. Nilikumbuka vizuri ile siku ya mashineni. Nilikuwa na haraka, nikajibu kama ninavyojibu kibandani kwangu Mbeya. Neno moja, napita zangu. Na kutokana na neno moja kijiji kizima kimebeba majembe kuja kuchimba kaburi la mtu aliye hai. Hasira zilinipanda, sijui niwakasirikie wao au nijikasirikie mimi. Nikawakasirikia wao, ndiyo ilikuwa rahisi.

Basi hapo ndipo Mama akatokea ubavuni mwa nyumba, anashikilia ukuta. Alikuwa amesikia sauti. "Nani amekufa?" akauliza.

Mwanamke mmoja alipiga yowe, mzigo wa kuni ukamporomoka nusura umvunje mguu. Mwingine akacheka, kisha akalia, kisha akacheka tena. Mama alitazama kuni, unga, majembe, na uso wake ukafunguka. Sijawahi kuona mtu aliyefurahia msiba wake kiasi kile. "Kumbe mmekuja kunizika!" akasema. "Karibuni, karibuni ndani."

Akaanza kusalimia. Hakumruka hata mmoja. Anaunyanyua mkono kwa ule mwingine, kamwene, kamwene, umeamkaje, watoto je, na yule wa Madibira, mpunga umetoka vizuri? Mstari ulizunguka ua. Mimi nimesimama na macho ya moshi, uji unaungua jikoni.

Alipofika kwa jirani wa chini, jirani yule akashtuka. "We!" akasema. "Umenibana!"

"Nimekubana wapi?"

"Vidole. Rudia."

Mama akarudia. Wote wakasogea. Mimi nikapasua katikati ya watu kama askari, nikamwambia Mama anishike mimi. Akanishika. Kilikuwa kidogo sana, kidole cha shahada na cha kati vikavuta kwenye kiganja changu na kuachia. Lakini vilivuta vyenyewe.

"Ni mpira!" nikasema. "Mmeona? Ni mazoezi ya mpira wiki nzima!"

Hakuna aliyenisikiliza. Wanaume wale waliweka majembe chini, wakaenda uani, wakakibeba kiti na kukirudisha kibarazani bila hata kuniomba ruhusa. Unga haurudishwi ulikotoka, ikabidi usongwe. Wakakaa mpaka mchana, wakala, wakanywa, na Mama akala zaidi ya wote. Mimi ndiye niliyeosha masufuria.

Mpaka leo kaka anasema ulikuwa mpira. Huenda. Mimi sina digrii ya viungo. Ninachojua ni kwamba kuanzia siku ile kiti hakikuondoka tena kibarazani, mpira ulipotelea kwa watoto wa jirani wanauchezea rede, na mkono ukaendelea kuja. Watu walikuwa wanapita makusudi. Waliokuwa wanakwenda mashineni kwa njia ya mkato wakaanza kuzunguka kwetu ili nao wabanwe. Wanatoka wanaambiana, leo kabana zaidi ya jana. Mimi nilikuwa nimemtaka Mama afanye jambo jipya, tena la kuchosha, kwa sababu lina faida. Yeye alikuwa na jambo la zamani alilolifanya maisha yake yote bila kuuliza faida yake, na mkono ulilijua. Lile ndilo lililonikera kuliko yote. Nilikuwa nimetumia miaka kuona mama yangu anapoteza muda, na muda wenyewe ulikuwa haujapotea popote.

Tuliporudi hospitalini, dada wa mazoezi alimshika vidole, akatabasamu. "Mama umejitahidi. Mpira umesaidia sana."

"Sana, mwanangu," Mama akasema, bila aibu.

Nilikohoa. Mama akanikanyaga mguu chini ya meza.

Na mimi nikaharibika. Kukaa na Mama ni kukaa kibarazani, na kukaa kibarazani ni kusalimia, hata kama hutaki. Mwanzoni nilikuwa natoa mkono tu ili wamalize waondoke. Kisha nikajikuta siku moja nauliza lori la mtu fulani lililoharibikia Chunya limeshapata spea. Nikashangaa. Mimi lori lile linanihusu nini? Lakini nilitaka kujua, na nilipoambiwa limepata, nilifurahi kweli. Nilikwenda jikoni nimejikasirikia.

Mwezi wa kumi na mbili kaka akafika na mvua. Viatu vyake vyeupe vilikuwa vyekundu kabla hajafika mlangoni. Alisalimia haraka, akakaa, akasema, "Haya. Ugali."

Nilimchukia wakati ule. Lakini ndiyo yalikuwa makubaliano, na wote watatu tulijua kilichopo. Ugali ukikataa, Mama anafunga mlango wa nyumba aliyoijenga na marehemu baba, anapanda basi kwenda Mbeya.

Mama akaketi kwenye kigoda mbele ya mafiga. Maji yalipochemka akatia unga kwa mkono wa kushoto, akashika mwiko kwa wa kulia, na wa kushoto ukaja ukaushika wa kulia chini ya kiwiko. Akaanza. Mwanzo ni rahisi, uji hauna ubishi. Ugali ulipoanza kukaza, mwiko ukasimama. Nikaona mishipa ya shingo yake. Nikapiga hatua, kaka akanizuia kwa mkono. Mama akavuta pumzi, akageuza mwiko, ukazunguka. Akaugeuza tena.

Na hapo, kwa bahati yangu, mtu akapita njiani na kupaza sauti, "Hodi huko, kamwene!"

Mama akageuza kichwa, akaanza kunyanyuka.

"Mama, ugali!" nikapiga kelele mpaka kuku wakatawanyika.

Akakaa. Lakini aliitika kwa sauti kupitia dirishani, akauliza habari za nyumbani, akauliza mtoto kama kikohozi kimepona, na huku mkono unasonga. Sidhani kama alijua unasonga. Alipomaliza kusalimia, ugali ulikuwa umeiva, au karibu. Kaka akaonja.

"Una mabonge," akasema.

"Kula," Mama akasema.

Akala. Alipomaliza sahani alinawa, akajifuta midomo, akanitazama mimi badala ya Mama. "Basi abaki."

Mama hakushangilia. Aliitikia kwa kichwa tu, kama mtu aliyerudishiwa kitu chake. Mimi ndiye niliyetoka nje nikalia nyuma ya kihenge, kwa furaha na kwa uchovu, na kwa hasira kwamba nalia.

Kesho yake asubuhi nilikuwa napanga nguo kwenye begi. Mama amekaa ukingoni mwa kitanda ananitazama. Kibanda kilikuwa kinanisubiri, nilikuwa nimeshinda, ningeweza kunyamaza. Lakini lilikuwa linanichoma, nikamuuliza. "Mama, hebu niambie. Kwangu kuna ubaya gani? Una chumba chako. Bomba liko ndani. Televisheni ipo. Umepigana miezi hii yote kama unapelekwa jela."

Mama alinyoosha blanketi kitandani.

"Nilikuja kwako mjukuu wangu alipopata kipaimara," akasema. "Unakumbuka? Ulikuwa unakwenda kibandani asubuhi, unafunga geti. Nikawa natoa kiti nakaa pale ndani ya geti. Nasikia miguu ya watu inapita nje. Wengi. Hata mmoja sikumwona. Nikawa nawaamkia moyoni."

"Mama, mjini ni hivyo. Wezi."

"Najua. Sikulaumu." Alilaza mkono wake wa kulia juu ya blanketi, akaunyoosha. "Mimi nilikuwa na njia ya kurudi huku. Sasa wewe, mwanangu, siku usipoonekana, nani atakuja kuuliza?"

Nikakasirika. Nikamwambia nina watu, asinione hivyo, mimi si yatima. Nilitaka kumtajia mwenzangu wa kibandani, tumeshona pamoja miaka mingi, angeuliza. Mdomo ulikuwa umeshafunguka. Kisha nikakumbuka kwamba tangu mwezi wa tisa mwenzangu huyo alikuwa amepiga simu mara moja tu, na aliuliza mkasi mkubwa nimeuweka wapi.

Mama alikuwa bado anasubiri jibu. Nikafunga zipu ya begi, nikamwambia bajaji imefika.